Kifua cha Essai

Katika Bukavu yote, kuanzia Bagira mpaka Panzi, hakuna mutu mwenye kifua chake kilipigwa foto mingi kama Papa Philémon. Na hakuwa mugonjwa. Alikuwa mutu wa radio, si ile ya habari, ile ya mifupa: ule mwenye anakuambia uvue shati, uvute pumzi, uikamate, kiisha anakimbilia nyuma ya ukuta na kukuacha peke yako na machine.

Alikuwa na desturi moja. Dawa mupya ya kuoshea filimu ikifika, ao boksi ya filimu ikibadilika marque ya kiwanda, ao courant ya umeme ikipiga machine na tukaifufua, hakuwa anajaribu kwa mugonjwa. Alikuwa anasema mugonjwa hakukuya hapa kusomesha machine. Basi anavua shati yeye mwenyewe, anatosha medali ya Bikira Maria kwa shingo, anasimama mbele ya cassette, kile kisanduku chembamba chenye filimu ndani, na mwenye kuwa karibu anabonyeza. Kiisha anaingia mu chambre noire, kile chumba cha giza chenye taa nyekundu, na anatoka na kifua chake mukononi kikichuruzika maji. Kwa kona ya filimu anaandika na wino mweupe: ESSAI, ni kusema jaribio, na tarehe. Jina, hapana. Jina ni ya mugonjwa, hii ni ya machine.

Alifanya vile miaka makumi tatu. Hesabu wewe mwenyewe.

Mimi, Gentil, nilifika pale na diplome d'État na mudomo, hakuna kingine. Yeye ndiye alinifundisha kazi. Nilikuwa namuita Papa Chambre Noire. Nilikuwa naambia wagonjwa kama courant ikienda wasiogope, muzee alishakula mwangaza mingi, tutamuvua shati aangazie corridor. Yeye alikuwa ananiangalia juu ya miwani na kusema mimi Gentil, siku watanipiga radio ya kichwa, wataona tu ukuta wa nyuma, ubongo hakuna. Tuliishi vile, muzuri.

Machine mupya ilifika mwaka jana, mu camion, ikapitia mupaka wa Ruzizi. Haina filimu, haina dawa, haina giza. Ni ubao mweupe wa kusimama mbele yake, kamba moja, na écran kama ya televisheni. Technicien mwenye kuileta alikaa nasi siku tisa. Directrice wa hospitali akaangalia vidole vyangu vinavyokimbia juu ya clavier ya kuandikia, akaangalia vidole vya Papa Philémon vyenye dawa ilishageuza rangi ya kahawia, akasema chef wa machine ni mimi. Papa Philémon hakukataa. Aliuliza tu filimu inaingilia wapi. Nikamuonyesha katundu ka kutia clé USB. Watu wakacheka. Yeye pia alicheka, kidogo.

Chambre noire ikapewa fagio na ndoo. Na filimu za zamani zikapewa amri ya kutoka: za wagonjwa wa miaka mitano ya mwisho zibaki, zenye hazina jina ziende. Juma ile Papa Philémon alikuwa Katana, kwa matanga ya shemeji yake. Mimi ndiye nilipanga, na mu kona ya chambre noire nikakuta macarton mbili zenye kujaa kifua kimoja. ESSAI, ESSAI, ESSAI. Nilicheka mpaka nikaketi chini. Nikamukumbuka tantine yangu Emérence wa Mudaka, mwenye alikuwa anajenga nyumba ya kuku na aliomba nimutafutie kitu cha kufunga madirisha. Filimu ni ngumu, haipitishi mvua. Nikamutumia macarton zote mbili kwa camionnette ya jirani, na nikajiona mutu mwenye akili.

Sikumuuliza mwenyewe. Hata wazo ya kumuuliza haikupita mu kichwa. Kulikuwa hakuna jina juu.

Siku yetu ya kwanza bila technicien, Papa Philémon alikuwa amesharudi. Ilikuwa asubui, wagonjwa wangali inje. Nilipiga mikono nikauliza nani atabatiza hii machine, na kabla nimalize yeye alikuwa anafungua vifungo vya shati. Hakuna mutu alimuomba. Alitia medali mu mufuko, akasimama mbele ya ubao, mabega mbele, kidevu juu, kama vile alikuwa anasimama tangu mimi sijazaliwa.

“Vuta pumzi,” nikasema kwa sauti yake, ile ya puani. “Kamata. Usipumue. Usikufe, tungali na kazi.”

Nikabonyeza. Seconde tatu, kifua kikatokea ku écran. Mbavu zote, roho, ni kusema moyo, vinyuzi vyembamba vya damu mu mapafu, vitu vyenye chambre noire haikupata kutuonyesha hata siku moja. Alikuya akasimama nyuma yangu na shati mukononi, akaangalia wakati murefu. Nilikuwa nimeshatayarisha la kumuambia, kitu juu ya bugali ya jana yenye ilikuwa inaonekana tumboni. Lakini alinyoosha kidole, karibu na mufupa wa bega ya kuume.

“Hapa kuko vumbi. Pangusa ubao.”

Mu kazi ya filimu, vumbi ndiyo adui. Chembe moja ndani ya cassette inatoka ku foto kama kidoa cheupe, na docteur anaandikia mugonjwa dawa ya ugonjwa wenye hana. Papa Philémon alikuwa amefukuza vumbi maisha yake yote. Nikapangusa ubao, tukarudia. Kidoa kilikuwa fasi yake. Akaniomba nisimame mimi, apige mimi juu ya ubao ule ule. Akapiga. Ku foto yangu fasi ile ilikuwa nyeusi, safi kabisa.

“Basi haiko vumbi,” akasema.

Akavaa shati. Alikosea vifungo, upande moja ukabaki murefu.

Hospitali yetu haina docteur wa kusoma foto. Tunazituma kwa internet kwa Docteur Hugues, mutoto wa Kadutu mwenye anatumikia Kinshasa. Machine mupya haikubali kutuma foto bila jina, basi mimi, kwa mazoea, pa jina nikaandika Essai. Saa moja haikuisha simu ikalia. Nikaiweka haut-parleur tusikie wote, Papa Philémon akakaribia.

Docteur akauliza huyu Bwana Essai ni nani, na iko na miaka ngapi. Nikamuambia ni Papa Philémon. Kiisha akaanza kusema polepole, kama mutu mwenye anapanga mayai. Alisema hawezi kuupa ugonjwa jina juu ya foto moja. Kidoa kiko na millimètres makumi mbili na sita. Tutafute foto za zamani. Kama kidoa kilikuwa kule miaka ya nyuma, na ukubwa ule ule, basi ni kovu ya ugonjwa wa zamani wenye ulishapita, mutu anakiacha kilale na anaenda kazini. Kama hakikuwako, ao kilikuwako kadogo na sasa kimekomaa, hiyo ni habari ingine.

“Foto za zamani?” Papa Philémon aliuliza, na uso wake ukafunguka. Nilikuwa sijamuona vile tangu machine ifike. “Docteur, niko nazo zote. Tangu wakati wa Zaïre.”

Akaenda mu chambre noire. Nilisikia anasogeza ndoo. Nilisikia fagio zinaanguka, moja, kiisha ingine. Mimi nilibaki kwa kiti nikiangalia clavier, sababu nilijua hatakuta kitu.

“Gentil,” akaita toka mule. “Macarton yangu?”

Nikamuambia yote. Hakupandisha sauti. Afazali angenitukana.

“Kwa kuku,” akasema.

“Ndiyo, papa.”

“Kifua yangu yote iko kwa kuku.”

Papa Philémon alichukua koti yake nyuma ya mulango.

“Basi twende kwa kuku.”

Tulipanda moto moja, ni kusema pikipiki, motard mbele, Papa Philémon katikati, mimi nyuma. Barabara ya Kavumu ilikuwa na matope, na mawingu ilikuwa imeketi juu ya milima. Nilikuwa nimemukamata mbavuni nisianguke, na kila mara moto ikiruka shimo nilisikia anakohoa kadogo, ukohozi mukavu wenye nilikuwa nausikia kila siku na nilikuwa nauiga mbele ya wagonjwa ili wacheke.

Tantine Emérence ni mujane mwenye kulima maharagi na mihogo, na sasa kuku. Alitusalimia Asinge, salamu ya kwetu, kwa mikono mbili, akapangusa kiti kwa ajili ya Papa Philémon. Nikamuambia tulikuja kuangalia zile filimu. Akafurahi sana. Alifikiri ni mutu wa hospitali mwenye alikuya kushangilia kazi yake, basi akatuongoza yeye mwenyewe nyuma ya nyumba.

Nyumba ya kuku ilikuwa ya mbao, na madirisha yake iking'aa. Nilikaribia. Ndani ya dirisha ya kwanza niliona migomba na mawingu. Ya pili, kuku. Hakukuwa mbavu, hakukuwa roho, hata ule wino mweupe haukuwako. Tantine akatuelezea na uso wa furaha: zilikuwa nyeusi mubaya, akazilaza mu javel, ile dawa ya kufulia, siku mbili, akazikwangua na fagio, ile weusi yote ikaenda na maji, ikabaki plastiki safi kama vitre, kama kioo cha dirisha.

Papa Philémon aliweka kiganja juu ya dirisha moja. Aliiacha pale kidogo.

“Ulifanya kazi muzuri, maman,” akasema. Na hakuwa anamuchezea. Alijua plastiki ile kuliko mutu yeyote, alijua ni kazi kuifikisha pale.

Nikauliza kama aliosha zote. Tantine akasema hapana, zingine saba aliziacha vile zilivyokuwa, kwa sababu kuku wa kutaga anapenda giza, na upande wa viota hautaki mwangaza.

Niliingia mule kwa magoti, na pince ya kungolea misumari. Kuku wakapiga kelele, mumoja akanipanda kwa mugongo. Nilingoa musumari moja moja na nikawa napitisha filimu inje. Zilikuwa na mavi na manyoya. Papa Philémon alizipokea kwa kukamata kandokando, vidole visiguse katikati, akazipangusa na kitambaa chake, kiisha akaziinua mbele ya mwangaza wa mawingu.

Ya kwanza ilikuwa ya 2004.

“Safi,” akasema.

Ya pili, 2009. Safi. Ingine 2012, ingine 2013, zote safi. Mwanzo sikuelewa, nikawa nafurahi, kila safi nilikuwa naitika mule ndani ya mavi. Kiisha nikakumbuka maneno ya docteur, na nikaona siku ile safi lilikuwa neno mubaya. Safi ni kusema kidoa hakikuwako. Tulikuwa tunatafuta foto yenye uchafu.

2016, safi. 2018, safi. Sauti yake ilikuwa inapunguka.

Ya saba ilikuwa ya 2021. Aliiinua, akaisogeza karibu na macho. Nilitoka mule, nikasimama karibu yake. Chini ya mufupa wa bega, upande wa kuume, kulikuwa kidoa cheupe.

“Iko,” nikasema. “Papa, iko. Ilikuwako. Ni kovu, unaona? Ni ya zamani.”

Nilimukamata mukono. Tantine Emérence hakujua tunafurahia nini, lakini alianza kutabasamu pamoja nami. Papa Philémon hakushusha filimu.

“Leta kipimo.”

Tantine akaleta latte, rula ya shule ya binti yake. Papa Philémon akanipa. Alisema nipime mimi, macho yake inacheza. Niliweka latte juu ya kidoa. Nikaweka tena. Millimètres tisa.

Tisa, na asubui ile makumi mbili na sita.

Nilijaribu. Nilimuambia latte za Mudaka si za kuamini. Nilimuambia filimu ni filimu na écran ni écran, labda zile machine mbili hazikuzishi mutu sawasawa, labda alisimama karibu, labda alisimama mbali.

“Un mètre quatre-vingts, karibu metre mbili,” akasema. “Siku zote. Mimi sibadilishake distance.”

Ilikuwa kweli. Kwa ukuta wetu kuko mustari mwekundu wenye aliupiga yeye mwenyewe, na ole wako mugonjwa wako asimame inchi moja mbele yake.

Alipindua filimu kidogo mwangazani, na nikaona uso wake unabadilika, si kwa ajili ya kidoa. Kulikuwa na tundu ine kwa makona, za misumari midogo, za zamani kuliko zile za tantine. Nikazitambua saa ile ile yeye alipozitambua. Filimu ile ilikaa miaka mbili juu ya boksi ya taa mu chumba chetu. Ilikuwa foto ya mufano. Weusi wake ulikuwa wa kweli, kijivu chake cha kweli, hakuna mistari, hakuna vumbi. Wanafunzi wa stage walikuwa wanaonyeshwa ile: hivi ndivyo foto ya kifua inapaswa kutoka. Mimi mwenyewe nilijifunzia pale kuhesabu mbavu, na bic mukononi, kutoka juu kwenda chini. Nilihesabu ubavu wa pili na wa tatu zaidi ya mara mia moja. Bic yangu ilipita juu ya kidoa kile na ikaendelea.

“Dawa ilikuwa mupya,” Papa Philémon akasema. “Niliangaliaka weusi. Nikaona weusi iko muzuri, nikaitundika.”

“Hata docteur waliiona, papa. Walikuwa wanapita pale kila siku.”

“Docteur hasomake essai.”

Alisema vile bila hasira, kama anavyosema mulango hapo, choo pale. Kusoma ni kazi ya docteur. Kazi yetu ni kutengeneza foto. Ndivyo alinifundisha siku ya kwanza, na ndivyo nami nilikuwa nafundisha wengine.

Nilimupigia Docteur Hugues pale pale, kati ya kuku. Nikampa tarehe na vipimo. Docteur akaviandika. Kiisha akasema inaomba scanner haraka, na kukatwa kapande ka nyama ya mule ndani ili kapimwe, na kwamba kule kukatwa Bukavu hatakupata vizuri, atoke. Mimi niliuliza aende wapi, uwanja wa ndege wa Kavumu umefungwa. Akasema Kigali, basi, kwa barabara. Papa Philémon akaomba simu. Aliuliza kwanza kama ni zile essai ndizo zilimuletea ugonjwa huu. Docteur akajibu hakuna mwenye anaweza kujua hiyo, hata yeye. Kiisha akamuuliza kama mu 2021 ingeonekana na mutu, ingekuwaje. Docteur akasema tu tusikawie.

Tantine alikuwa ameelewa sasa. Alitaka kutupa filimu zote saba, akasema viota atavifunga na carton, akilia. Papa Philémon alikataa. Alimurudishia sita, zile safi, akamuambia zinazuia mwangaza muzuri kuliko carton, na carton italowana. Akanituma mule tena na marteau nizipigilie. Ndivyo alitaka, nikafanya. Kuku walirudi wakaketi. Ile ya 2021 aliitia chini ya koti, kwa mugongo, isikunjike.

Mvua ilitukuta mbele ya kufika town. Kwa rond-point aliomba motard asimame. Tukashuka, tukasimama chini ya bati ya kiduka. Koti yake ilikuwa imelowana na mugongo wake ulikuwa umenyooka kama ubao kwa sababu ya ile filimu. Alisema hatarudi kazini leo. Alisema anaenda kwake Muhungu, kumuambia Maman Aimée, muke wake, na kwamba hajui mutu anaanza namna gani. Miaka makumi tatu alikuwa anawapa watu bahasha na kuwaambia muone docteur.

“Unisindikize,” akasema. “Wewe uko na mudomo. Muchekeshe kwanza. Kiisha mimi nitasema.”

“Papa, leo sina kitu.”

“Tafuta.”

Tulipanda ile mulima kwa miguu, yeye mbele. Alisimama mara mbili kupumzika, na mara zote mbili alijifanya anaangalia ziwa. Mimi nilikuwa natafuta mu kichwa. Sikumbuki nimepata kutafuta kitu kwa nguvu vile, na kila neno nililokamata lilikuwa na kifua ndani yake, ao giza, ao pumzi. Nikayaacha yote.

Maman Aimée alifungua mulango kabla tupige hodi. Ni mwanamuke mufupi, munene, mwenye kunipenda kwa sababu siku zote naingia kwake na upuuzi. Alituangalia, wanaume wawili wenye kulowana, mimi na manyoya ya kuku mpaka ku nywele, mavi kwa magoti, na muda yangu ilikuwa imeisha.

“Maman,” nikamuambia, “muzee wako nilimukamata Mudaka kwa wanamuke wengine. Walikuwa saba, wamemuwekea viota, na kila mumoja iko na foto yake kwa ukuta.”

Alicheka. Alicheka sana, mukono mumoja umeshika mulango, wa pili kwa tumbo, akasema alijua, alijua tu, katika umri huu. Papa Philémon alikuwa amesimama nyuma yangu mvuani, anangoja amalize.